Naftali Temu: Mwana wa Abagusii aliyeiletea Kenya dhahabu ya kwanza

WAKENYA wengi wakiulizwa ni nani aliyeiletea nchi hii medali ya kwanza ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki, jina linalowajia midomoni haraka ni la Kipchoge Keino. Jibu hilo si sahihi. Heshima hiyo ni ya Naftali Temu, mwanajeshi mkimya kutoka jamii ya Abagusii, ambaye alitimiza miaka yake ya mwisho katika shamba lake huko Nyamira na kufariki Machi 10, 2003 akiwa na umri wa miaka 57.

Kosa hilo ni dogo masikioni, lakini lina uzito wake. Taifa linalojivunia riadha mbele ya ulimwengu mzima linapaswa kumjua aliyelifungulia mlango. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na hayo ndiyo yaliyompata Temu. Kwa hivyo ni vyema kuyasimulia maisha yake kwa utaratibu.

Temu alizaliwa Aprili 20, 1945, wakati Kenya ikiwa bado koloni la Uingereza. Milima ya Gusii, ambayo sehemu zake nyingi hukaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilikuwa tayari inajulikana kwa wakimbiaji. Nyandika Maiyoro alikuwa amekwisha kuwaonyesha vijana wa huko njia. Katika Olimpiki za Melbourne mwaka 1956, ambazo zilikuwa za kwanza kwa Kenya kushiriki, Maiyoro alimaliza wa saba katika mbio za mita 5,000. Miaka minne baadaye jijini Rome alipanda hadi nafasi ya sita. Mwenzake, Arere Anentia, alinyakua medali ya shaba ya maili sita katika michezo ya madola iliyoandaliwa Cardiff mwaka 1958.

Leo ambapo riadha ya Kenya imehusishwa mno na Bonde la Ufa, ni rahisi kusahau kwamba miongoni mwa waasisi wake walikuwa wana wa Kisii na Nyamira. Temu alikulia katika kivuli cha watangulizi hao.

Jeshini na Tokyo

Kama vijana wengi wenye kipaji wa enzi hizo, Temu alijiunga na Jeshi la Kenya. Wakati huo mwanariadha hakuwa na mshahara wa kukimbia, wala hapakuwa na kampuni za viatu za kumlipa. Jeshi, polisi na magereza ndizo zilizokuwa ngome za michezo. Huko kijana alipata chakula, nidhamu, wenzake wa kufanya nao mazoezi na ruhusa ya kusafiri kwenda mashindanoni.

Alikuwa na umri wa miaka 19 tu alipochaguliwa kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki za Tokyo mwaka 1964, za kwanza tangu nchi ipate uhuru. Safari hiyo haikumpa sifa. Hakumaliza mbio za mita 10,000, na katika marathon alitokea wa 49. Aliyeng'aa Tokyo ni Wilson Kiprugut, aliyetwaa shaba ya mita 800 na kuwa Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki. Kijana mwingine angevunjika moyo. Temu alirudi nyumbani, akaendelea na mazoezi.

Kingston: Ushindi uliosahaulika

Miaka miwili baadaye, mnamo Agosti 1966, Michezo ya Madola iliandaliwa Kingston, Jamaica. Katika mbio za maili sita alikuwepo Ron Clarke wa Australia, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya umbali huo na ile ya mita 10,000. Wachambuzi wa riadha hawakuona ni nani angeweza kumzuia. Temu alimzuia. Katika joto kali la Karibiani, Mkenya huyo ambaye wengi hawakulijua jina lake alimwacha Clarke nyuma na kutwaa dhahabu.

Ushindi wa Kingston haukutajwa sana baadaye, kwa kuwa Keino alishinda mbio mbili katika michezo hiyo hiyo, maili moja na maili tatu. Hata hivyo, msomaji aukumbuke, kwani ndio unaojibu hoja iliyozuka baada ya Mexico.

Oktoba 13, 1968

Jiji la Mexico liko takriban mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na mkimbiaji wa masafa marefu aliyezoea nyanda za chini hukosa pumzi mapema. Siku ya kwanza kabisa ya riadha, Oktoba 13, 1968, ilikuwa na fainali ya mita 10,000.

Keino aliianza mbio hiyo, lakini maumivu ya tumbo yaliyokuwa yakimsumbua yalimlemea, akashindwa kumaliza. Kundi la mbele lilipungua mzunguko baada ya mzunguko. Mwishowe wakasalia watu watatu: Temu, Mamo Wolde wa Ethiopia na Mohammed Gammoudi wa Tunisia. Wote watatu walikuwa wanajeshi, na wote watatu walikuwa Waafrika.

Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, Wolde alichomoka. Temu hakubabaika wala hakujaribu kuliziba pengo hilo kwa pupa. Alimfuata Mwethiopia huyo hatua kwa hatua, akampunguzia nafasi taratibu, na zikiwa zimesalia takriban mita 50 akampita. Alikata utepe kwa muda wa dakika 29 na sekunde 27.4. Wolde alifika baada ya sekunde 0.6, naye Gammoudi akachukua shaba. Clarke alimaliza wa sita, akaanguka na kulazimika kupewa oksijeni.

Hiyo ndiyo siku ambayo bendera ya Kenya ilipandishwa kwa mara ya kwanza juu ya nyingine zote katika Olimpiki, na wimbo wa taifa ukasikika. Uhuru ulikuwa bado haujatimiza miaka mitano.

Siku nne baadaye Temu alirejea uwanjani kwa fainali ya mita 5,000. Gammoudi alishinda, Keino akawa wa pili, na Temu akaongeza shaba juu ya dhahabu yake. Oktoba 20 alijitosa katika marathon na kumaliza wa 19. Ndani ya juma moja mtu mmoja alikuwa ameshiriki fainali za mbio zote tatu ndefu za uwanjani na barabarani, jambo ambalo wakimbiaji wengi wa leo, pamoja na madaktari na wakufunzi wao, hulikwepa.

Kenya ilirudi nyumbani na medali tisa: dhahabu tatu, fedha nne na shaba mbili. Dhahabu nyingine zilitoka kwa Amos Biwott katika mbio za kuruka viunzi na maji, na kwa Keino katika mita 1,500. Katika kikosi cha kupokezana vijiti cha 4x400 kilichopata fedha, walikuwemo wana wengine wawili wa Gusii, Charles Asati na Hezekiah Nyamau.

Hoja ya hewa nyepesi

Baada ya michezo hiyo walizuka watu, hasa ughaibuni, waliodai kuwa Waafrika hawakushinda kwa uwezo wao bali walibebwa na hewa ya Mexico. Walisema muda wa Temu ulikuwa hafifu ukilinganishwa na rekodi ya Clarke ya dakika 27 na sekunde 39.4, iliyowekwa Oslo mwaka 1965.

Hoja hiyo ina chembe ya ukweli. Aliyelelewa nyanda za juu alikuwa na nafuu siku hiyo, na hakuna haja ya kulikana hilo. Lakini inasahau Kingston. Mji huo uko ufuoni mwa bahari, hapana mlima wa kumfaa Mgusii hapo, na bado Temu alimshinda Clarke yule yule. Isitoshe, waliopanda jukwaani pamoja naye walithibitisha uwezo wao kwingineko. Gammoudi alikuwa amepata fedha Tokyo mwaka 1964 katika mbio hizo hizo. Mexico haikuumba mabingwa wapya kwa muujiza. Ilidhihirisha tu yale ambayo wengi walikuwa wamekataa kuyaona.

Kushuka jukwaani

Miaka ya bingwa huyo kileleni haikuwa mingi. Katika Olimpiki za Munich mwaka 1972 aliondolewa katika mchujo wa mita 10,000, na muda si mrefu akatundika viatu.

Hapa ndipo maisha yake yanapotofautiana na ya Keino. Mwenzake huyo alibaki machoni pa umma: alianzisha makao ya watoto Eldoret na baadaye akaongoza Kamati ya Olimpiki ya Kenya kuanzia 1999 hadi 2017. Temu alichagua jembe. Alikuwa amepewa shamba na serikali ya Mzee Jomo Kenyatta katika eneo la Mugirango Kaskazini, Nyamira, kama shukrani ya taifa, na huko ndiko alikofanya maskani. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Zawadi hiyo ilikuwa ya heshima, lakini haikuwa pensheni. Kanuni za riadha za enzi zake zilimkataza mwanariadha kupokea fedha kwa kukimbia. Milango ya zawadi na malipo ilifunguliwa katika miaka ya 1980, wakati kizazi cha Temu kilikuwa kimekwisha kustaafu. Hivyo dhahabu iliyoipa nchi sifa isiyokadirika haikumletea mwenyewe kitita chochote. Kijana anayeshinda mbio moja ya barabarani siku hizi anaweza kupata fedha ambazo Temu hakuziona katika maisha yake yote ya uwanjani.

Saratani ya tezi dume ndiyo iliyomshinda. Alifariki katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi.

Deni ambalo halijalipwa

Ukubwa wa alichokifanya Temu unaonekana vyema zaidi kadiri miaka inavyopita. Kenya imetoa mabingwa wa dunia wa mita 10,000, wakiwemo Paul Kipkoech, Moses Tanui na Charles Kamathi. Lakini katika Olimpiki, njia ilikuwa na miiba. Richard Chelimo aliambulia fedha Barcelona mwaka 1992. Paul Tergat aliambulia fedha mara mbili, 1996 na 2000, na mara ya pili Haile Gebrselassie alimpita kwa sekunde 0.09 pekee. Paul Tanui naye akapata fedha Rio mwaka 2016.

Ilichukua miaka 56 kabla ya Mkenya mwingine kushinda mbio hizo katika Olimpiki. Aliyefanya hivyo ni mwanamke, Beatrice Chebet, jijini Paris mwezi Agosti 2024. Kwa upande wa wanaume, hadi kufikia michezo hiyo ya Paris, Naftali Temu alikuwa bado peke yake.

Mtoto wa shule ya msingi wa Nyamira anayepanda kilima asubuhi akikimbilia darasani anapaswa kulijua jambo hilo. Halihitaji sanamu wala hotuba. Linahitaji mwalimu wa kulitaja, kitabu cha kuliandika, na jamii itakayolirudia bila kuchoka: kwamba kabla ya majina yote makubwa tunayoyashangilia leo, dhahabu ya kwanza ya Kenya ililetwa na mwana wa Abagusii.