Bibi Fatima binti Qays na Haki za Mke Aliyeachwa

Bibi Fatima binti Qays (R.A.) ni Mkureshi wa mbari ya Fihri, na ni katika wanawake wa mwanzo waliohamia Madina. Alikuwa na uzuri, akili na elimu. Lakini lililolidumisha jina lake katika vitabu vya fikihi ni talaka yake.

Mumewe, Abu Amr bin Hafs wa Bani Makhzum, alikuwa amekwisha kumwacha mara mbili. Alipotoka kwenda Yemen pamoja na Sayyidna Ali, alimpelekea talaka ya tatu, na wakili wake akampa shayiri kidogo. Bibi Fatima akaiona haba, akaikataa. Jamaa za mume wakamjibu kuwa hata hiyo ni hisani tu, kwani hana haki yoyote kwao. Yeye hakukaa akalia na majirani, bali alikwenda mwenyewe kushitaki kwa Bwana Mtume (S.A.W.).

Hukumu ikatoka kuwa hana nafaka, kwa kuwa talaka zimekwisha naye hana mimba. Akaamriwa akae eda kwa Bibi Umm Sharik. Kisha, kwa kuwa nyumba hiyo ilikuwa ikiingiwa na wageni wengi, akahamishiwa kwa Ibn Umm Maktum, jamaa yake aliyekuwa kipofu, apate sitara. Nafaka hakuipata, lakini hakuachwa njiani.

Eda ilipokwisha aliposwa na wawili, Muawiya na Abu Jahm, akaenda kutaka shauri. Bwana Mtume akamjulisha kuwa wa kwanza hana mali, na wa pili fimbo haimtoki begani. Akamwelekeza kwa Usama bin Zayd. Usama alikuwa mwana wa mtumwa aliyeachwa huru, na Bibi Fatima mwanzo hakumtaka. (Kwetu nako, posa ngapi zimevunjika kwa kuulizwa ukoo!) Mwisho aliridhika, akaona kheri katika ndoa ile hata wenziwe wakamwonea kijicho.

Baadaye watu walishindana juu ya kisa chake. Sayyidna Umar hakukubali kuacha alivyoifahamu Kurani kwa habari ya mtu mmoja, ambaye huenda amesahau. Bi Aisha alisema kuwa Bibi Fatima alihamishwa kwa kuwa nyumba yake ilikuwa upweke, akichelewa dhara. Said bin Musayyab alisema ni kwa ukali wa ulimi wake kwa mashemeji. Bibi Fatima hakurudi nyuma. Marwan, aliyekuwa liwali wa Madina, alipotuma mtu kumwuliza, alimjibu kwa aya ile ile ya Sura ya Talaka: mke huambiwa asitoke nyumbani kwa kutarajia mume atarejea, na baada ya tatu hatarajiwi tena. Imamu Ahmad akaishika kauli yake. Imamu Abu Hanifa alimpa mke wa namna hii nafaka na makazi, na Imamu Malik na Imamu Shafii wakampa makazi pasipo nafaka, ila akiwa na mimba.

Sisi wa pwani ni watu wa Imamu Shafii. Basi yatoka wapi haya tuyaonayo katika miji yetu, mtu kumwacha mkewe talaka moja asubuhi, na jioni sanduku la mke likawa barazani likingoja gari la kumrudisha kwao? Aulizwapo, hukitaja kisa cha Bibi Fatima, nacho hakimhusu! Mke wa talaka rejea ana nafaka na nyumba mpaka eda ishe, maadamu si nashiza. Mwenye mimba hulishwa hata ajifungue, na watoto nafaka yao ni juu ya baba. Hata aliyeachwa tatu, madhehebu yetu hayamtoi nyumbani kabla ya eda kwisha pasipo udhuru. Anayenyimwa haya na aende kwa Kadhi, kama alivyokwenda Bibi Fatima kwa Bwana Mtume. Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezipa mahakama za Kadhi ndoa, talaka na mirathi za Waislamu wenye kuridhia hukumu zao.

Bibi Fatima aliishi miaka mingi baada ya hapo. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar alipouawa, mwaka 23 wa Hijra (644), watu wa shura walikutana nyumbani kwake. Shaabi, mwanachuoni wa Kufa, alipomwendea na wenzake kumwuliza mke aliyeachwa tatu akae wapi eda, aliwakirimu tende mbivu na kinywaji cha unga wa shayiri, akawahadithia kisa chake.