Sondre Norheim: Skwota aliyeigeuza skii kuwa mchezo

WAKENYA wengi waliufahamu mchezo wa skii kwa mara ya kwanza mnamo Februari 1998, Philip Boit alipoiwakilisha nchi katika Olimpiki za majira ya baridi mjini Nagano, Japani. Boit alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, lakini mshindi wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye utepe ili amkumbatie.

Dæhlie alitoka katika taifa ambalo huuona mchezo huo kuwa urithi. Miongoni mwa walioujenga urithi huo, wachache hutajwa kwa heshima kama Sondre Norheim, maskini aliyefariki mwaka wa 1897 ughaibuni na kuzikwa katika kaburi ambalo kwa miaka mingi halikuwa na alama yoyote.

Norheim alizaliwa Juni 10, 1825 huko Morgedal, kijiji kilicho katika bonde la eneo la Telemark, kusini mwa Norway. Wazazi wake walikuwa maskwota. Waliishi kwenye kipande cha ardhi kilichoitwa Øverbø, mali ya mtu mwingine. Jina Norheim lenyewe ni la mojawapo ya vipande alivyohamia alipokuwa mtu mzima. Mwaka wa 1854 alimwoa Rannei Åmundsdotter, wakajaliwa watoto. Riziki aliitafuta kwa useremala na vibarua, na hakuna wakati alioonja utajiri.

Masimulizi ya kijijini yanamkumbuka kama mtu aliyependa skii kuliko jembe. Theluji ilipoanguka, kazi zilingoja. Aliteremka milimani akijipinda huku na huku, akaruka kutoka kwenye miamba na hata mapaa ya nyumba, huku watoto wa kijiji wakimfuata. Kwa jirani aliyehangaikia chakula cha majira ya baridi, mwenendo huo yamkini ulionekana kuwa uzembe.

Ni muhimu kuelewa jinsi skii zilivyokuwa wakati huo. Kwa maelfu ya miaka wakazi wa Skandinavia walikuwa wamezitumia kusafiria na kuwindia. Zilikuwa mbao ndefu na nzito. Katika baadhi ya sehemu, mguu mmoja ulivaa ubao mrefu wa kutelezea na mwingine ubao mfupi uliovishwa ngozi ya mnyama, wa kujisukumia. Aghalabu mguu ulishikwa kwa ukanda wa vidoleni tu, huku kisigino kikiwa huru. Mteremko ulipokuwa mkali, msafiri aliegemea gongo moja refu ili kupunguza mwendo. Kwa vifaa kama hivyo, aliyejaribu kuruka angeweza kutua akiwa ameziacha skii zake hewani.

Useremala wa Norheim ulimfaa hapo. Alisokota vitawi na mizizi inayonyumbulika, akaizungusha nyuma ya kisigino ili mguu ushikamane na ubao bila kunyimwa uhuru wa kuinuka. Anasifiwa pia kwa kuunda skii fupi kuliko zilizozoeleka, iliyokuwa pana mbele na nyuma lakini nyembamba kiunoni. Siri ya umbo hilo ni rahisi. Ubao wa aina hiyo ukilazwa upande, ukingo wake uliopinda huchora sehemu ya duara juu ya theluji, nao humgeuza mwenye kuuvaa. Kwa hiyo gongo halikuhitajika tena kuwa breki. Mwili wenyewe ukawa usukani.

Mwaka wa 1868, akiwa na umri wa miaka 42, Norheim alikwenda Christiania, jiji ambalo leo ni Oslo, kushiriki mashindano. Inasimuliwa kwamba alisafiri kwa skii mwendo wa karibu kilomita 200. Wakazi wa jiji walishangaa kumwona skwota huyo wa makamo akiruka na kutua bila gongo, kisha akigeuka na kusimama kwa madaha. Aliibuka mshindi, na mtindo wa Telemark ukaenea. Ndugu wawili wa Morgedal waliofuata nyayo zake, Mikkjel na Torjus Hemmestveit, walifungua shule ya skii jijini humo mwaka wa 1881. Hata neno slalomu, linalotumika leo katika Olimpiki, lina asili yake katika lahaja ya eneo la Telemark.

Hata hivyo, sifa hazijazi chungu. Mwaka wa 1884, akiwa na umri wa karibu miaka 59, Norheim alijiunga na maelfu ya Wanorway waliohamia Marekani kutafuta ardhi. Pamoja na mkewe na baadhi ya watoto, alifikia Minnesota kabla ya kuelekea eneo ambalo sasa ni North Dakota. Huko alipata ardhi aliyoikosa maisha yake yote, lakini ardhi yenyewe ilikuwa tambarare. Theluji ilikuwa tele, milima ikakosekana. Alifariki Machi 9, 1897 na kuzikwa karibu na Denbigh.

Wazo lake, hata hivyo, halikuzikwa naye. Wanaspoti wa leo waliobobea na wanaotaka skii ya kuchezea kwenye theluji laini, isiyoshindiliwa na mashine, hukabiliwa na swali lilelile la Norheim: ubao huu utafanya nini chini ya mguu wangu? Jibu lao linaanzia kwenye upana. Kiuno cha zaidi ya milimita 100 husaidia skii kuelea badala ya kuzama. Kisha huangalia ncha zote mbili. Zikiwa zimeinuka, mbele na nyuma, skii huteleza kando kwa wepesi, na mrukaji anaweza kutua akitazama alikotoka. Ncha zikinyumbulika, mchezo huwa mwepesi, lakini sehemu iliyo chini ya kiatu yapasa kuwa imara ili mwendo wa kasi usimyumbishe.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Shane McConkey, mzaliwa wa Kanada aliyeishi kati ya 1969 na 2009, aliligeuza umbo la Telemark juu chini. Aliona kwamba theluji laini hutenda kama maji, hivyo skii yake, Spatula, ilikuwa pana zaidi katikati na ilipinda kama mtumbwi. Kiuno chembamba hufaa pale ukingo unapopata theluji ngumu ya kukamata, lakini kwenye theluji laini ukingo hauna cha kushika. McConkey alipingana na umbo la Norheim, ila alifuata njia yake: kuisikiliza theluji kwanza, kisha kuunda ubao.

Heshima ilimfikia Norheim akiwa mavumbini. Oslo ilipoandaa Olimpiki za majira ya baridi mwaka wa 1952, mwenge uliwashwa katika meko ya kibanda cha Øverbø, si huko Ugiriki. Mwenge wa mwaka wa 1960, kwa ajili ya michezo iliyofanyika California, uliwashwa papo hapo pia. Sanamu yake imesimama Morgedal, na nyingine iko Minot, North Dakota, eneo alilolala.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Norheim alicheza kwao, akashangiliwa, kisha akalazimika kuondoka kwa kukosa shamba. Tuzo yake ilikuja baada ya nusu karne, pale moto wa kibanda cha skwota ulipopokezwa mkono kwa mkono hadi katika jiji kuu la nchi yake.