John Tukey, mtu aliyezipa namba shina na majani

Mwanahisabati John Tukey alizaliwa tarehe 16 mwezi wa 6 mwaka 1915, katika mji wa New Bedford, Marekani. Wazazi wake walikuwa walimu, nao walimfundisha nyumbani mpaka alipoingia chuo kikuu. Alianza na kemia, kisha akapata udaktari wa hisabati huko Princeton mwaka 1939.

Historia yake inakutana kwa mbali na ile ya Likasi. Uraniamu ya Shinkolobwe, karibu na mji huo wa Haut-Katanga, ilitumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Mwaka 1959, Tukey alikuwa Geneva katika ujumbe wa Marekani, kwenye mazungumzo ya kusimamisha majaribio ya mabomu ya nyuklia. Kazi ngumu ilikuwa kutofautisha tetemeko la ardhi na mlipuko wa bomu, kwa kusoma namba nyingi za vipimo.

Mwaka 1977 alitoa kitabu Exploratory Data Analysis, akihimiza watu watazame namba zao vizuri kabla ya kukata shauri. Humo alieleza mchoro wa shina na majani, unaohitaji kalamu na karatasi tu.

Tuseme mwalimu wa Likasi ana wanafunzi 12, waliopata asilimia 31, 47, 48, 49, 49, 52, 56, 58, 63, 65, 88 na 90. Makumi ni shina, tarakimu ya mwisho ni jani:

3 | 1
4 | 7 8 9 9
5 | 2 6 8
6 | 3 5
7 |
8 | 8
9 | 0

Wastani ni 58, kwa hiyo darasa linaonekana limefaulu. Lakini shina la 4 linaonyesha watoto wanne waliokosa 50 kwa pointi 1 hadi 3 tu. Masomo machache ya nyongeza yanaweza kuwaokoa. Shina la 7 halina jani, lakini halifutwi: pengo hilo linaonyesha kwamba wawili wa juu wako mbali na wenzao, nao ndio waliovuta wastani. Ukihesabu majani hadi katikati, unapata 54.

Tukey alifariki tarehe 26 mwezi wa 7 mwaka 2000, akiwa na miaka 85. Leo kompyuta huchora michoro mingi kwa haraka, lakini katika huu wake alama ya kila mtoto inabaki ikisomeka.