Robert Koch na Mbung'o wa Kwetu

Nikiwa fildi katika shule moja ya sekondari wilayani Biharamulo, nilifundisha somo la kifua kikuu. Niliandika ubaoni jina la Robert Koch, Mjerumani aliyegundua bakteria wa ugonjwa huo mwaka 1882, nikaendelea na notisi. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akauliza kama huyo mzungu aliwahi kufika mkoa wa Kagera. Nikamjibu haraka kwamba hakufika. Kumbe alifika.

Koch alizaliwa mwaka 1843 Clausthal, mji wa machimbo huko Ujerumani. Alianza kama daktari wa kawaida tu wa wilaya, akichunguza kimeta kwa muda wake wa ziada, na mwaka 1876 akaonyesha bakteria anayekisababisha. Baadaye kikaja kifua kikuu, kisha kipindupindu, alichokifuata Misri na India. Mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel. Masomo yetu mengi yanaishia hapo. Yanaruka mwaka 1890, alipotangaza tuberkulini kuwa dawa ya kifua kikuu kabla hajawa na uhakika. Haikuponya, na wapo wagonjwa waliokufa.

Mwaka 1906, akiwa na umri wa miaka 62, angeweza kukaa Berlin ale heshima yake. Akaja Ziwa Viktoria. Tangu 1900 malale ilikuwa imeua upande wa Uganda watu wanaokadiriwa kuzidi 200,000, na Wajerumani waliotawala Mwanza na Bukoba wakaingiwa hofu. Tayari ilishajulikana kwamba ugonjwa unaletwa na kimelea kiitwacho tripanosoma, na mbung'o ndiye anayekisambaza. Koch alianzia Mwanza, akakosa wagonjwa wa kutosha, akahamia visiwa vya Sese, kwenye himaya ya Waingereza.

Huko alifungua kambi, wagonjwa wakaja kwa mamia. Aliwadunga atoksili, dawa yenye aseniki ndani yake. Mwanzoni ilionekana kama muujiza: vimelea vilitoweka kwenye damu, na watu waliobebwa wakaanza kutembea. Lakini baada ya muda ugonjwa ulirudi. Koch akaongeza dozi, kutoka nusu gramu hadi gramu moja. Wagonjwa 22 wakapofuka, na macho yao hayakurudi tena. Ndipo akapunguza dozi. Majina ya watu hao sijayaona popote, ila jina la daktari tunaliandika ubaoni.

Mwaka 1907 akaja Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, eneo ambalo leo liko wilaya ya Missenyi. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, alipoona jambo kubwa kuliko dawa yake. Wagonjwa wa Kiziba walikuwa wanaume waliokwenda Uganda kutafuta kazi, wakarudi nyumbani na malale mwilini. Maana yake ni kwamba hata ukifyeka vichaka vyote vya upande wako, kama jirani yako hajafanya lolote bado hujamaliza. Oktoba 1908 Uingereza na Ujerumani zikasaini mkataba wa kupeana taarifa na kuwazuia wagonjwa kuvuka mpaka. Koch alifariki Mei 1910, Baden-Baden.

Mwaka huohuo wanasayansi wakatambua aina nyingine ya kimelea cha malale, ambayo ndiyo ya kwetu. Koch alishughulika na mbung'o wa ukingo wa ziwa, akashauri vichaka vifyekwe na hata mamba wauawe kwa kuwa mbung'o hunywa damu yao. Malale ya Biharamulo na Ngara ni ya porini: inajificha kwa wanyamapori na kwa ng'ombe. Aliyewahi kupita pori la Burigi anajua mbung'o anavyouma hata juu ya nguo. Na ng'ombe, jamani, haonyeshi pasipoti.

Mimi kwetu ni Ngara. Rusumo, mto Ruvubu unaotoka Burundi unakutana na Kagera, na ng'ambo ni Rwanda. Mwaka 1977 Tanzania, Rwanda na Burundi zilianzisha shirika la bonde la mto Kagera, Uganda ikajiunga 1981, na mbung'o walikuwa mmoja wa mizigo yake. Shirika likavunjwa 2004. Mbung'o hawakuvunjwa. Kazi ya kupima ng'ombe, kuweka mitego na kupeana taarifa bado inahitaji majirani wanaozungumza, na inahitaji mfugaji akubali. Hatakubali kama anaona amefanywa kitu cha majaribio, kama wale 22 wa Sese.

Nikirudi darasani nitamfundisha Koch mzima: wa 1882, wa 1890 na wa 1907. Tatizo ni kwamba fildi iliisha kabla sijajua haya. Yule kijana wa dawati la nyuma bado anaamini jibu nililompa.