Ole Kirk Christiansen: Seremala aliyeunguliwa mara mbili, na malori ya vipande yaliyotokana na kazi yake

Lori la kuchezea linalounganishwa kwa vipande vya plastiki, lenye mota, gia na usukani unaogeuza magurudumu, huonekana kama kazi ya wahandisi wa kiwanda kikubwa. Lakini historia yake inaanzia kwa seremala wa kijijini aliyefiwa na mke, akakosa wateja, na akaona karakana yake ikiteketea mara mbili.

Jina lake ni Ole Kirk Christiansen, raia wa Denmark na mwanzilishi wa kampuni ya LEGO. Alifariki Machi 11, 1958, akiwa na umri wa miaka 66.

Mjini Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, maisha ya mtu huyu si mageni kwa mafundi. Huko watoto hujitengenezea kamio zao kwa makopo ya samaki, nyaya na magurudumu yaliyokatwa kwenye kandambili chakavu. Na katika tarafa ya Kadutu, ambako nyumba za mbao zimebanana mlimani, moto umewaacha watu wengi bila makazi wala vifaa vya kazi.

Fundi wa Billund

Christiansen alizaliwa Aprili 7, 1891, karibu na kijiji cha Filskov, katika rasi ya Jutland, kwenye familia maskini yenye watoto wengi. Alijifunza useremala kwa kaka yake, kisha akaenda kutafuta kazi Ujerumani na Norway.

Mwaka 1916 alirudi nyumbani na kununua karakana ya useremala katika kijiji kidogo cha Billund. Mwaka huohuo alimuoa Hansine Kristine Sørensen, aliyekutana naye Norway. Kazi yake ilikuwa milango, madirisha na nyumba za wakulima wa eneo hilo.

Mwaka 1924 watoto wake wawili wa kiume walikuwa karakanani wakati moto uliposhika maranda. Karakana iliungua, na nyumba ya familia ikaungua pamoja nayo. Baba yao hakuhama. Alijenga upya, tena jengo kubwa kuliko la kwanza.

Mwaka mgumu kuliko yote

Mdororo wa uchumi ulioanzia Marekani mwaka 1929 ulifika hadi mashamba ya Denmark. Bei za mazao zikaanguka, wakulima wakaacha kujenga, na fundi anayewategemea akabaki bila kazi.

Mwaka 1932 ndio uliomwelemea zaidi. Christiansen alilazimika kuwaachisha kazi wafanyakazi wake. Mwaka huohuo Hansine alifariki dunia, akimwachia wavulana wanne wa kulea.

Akiwa na mbao lakini hana wa kumjengea, alianza kutengeneza vitu vidogo vinavyoweza kuuzika: ngazi, meza za kupigia pasi, na vichezeo vya watoto. Ndugu zake walimdhamini apate mkopo, ila walimtaka aachane na vichezeo na kutafuta kazi ya maana zaidi. Hakuwasikiliza. Baadhi ya wateja walimlipa chakula badala ya fedha, naye alipokea.

Wakati mchezo wa yoyo ulipovuma, alitengeneza yoyo za mbao kwa wingi. Uvumi huo ulikufa ghafla kama ulivyoanza, na shehena ikabaki mikononi mwake. Hakuitupa. Alizikata yoyo hizo katikati, akazifanya magurudumu ya malori ya mbao ya kuchezea.

Mwaka 1934 biashara hiyo ilipewa jina la LEGO, lililofupishwa kutoka maneno mawili ya Kidenmaki yenye maana ya kucheza vizuri.

Bata waliorudishwa kutoka stesheni

Kisa kinachosimuliwa zaidi kuhusu Christiansen kinamhusu mwanawe Godtfred, aliyefanya kazi naye tangu akiwa mdogo. Siku moja kijana huyo alimweleza baba yake kwa furaha kwamba ameokoa fedha: bata wa mbao waliokwenda kwa mteja walipakwa vanishi mara mbili tu badala ya tatu.

Baba hakufurahi. Alimwamuru arudi stesheni ya treni, awachukue bata wote, awapake mara ya tatu na kuwapeleka tena, peke yake, hata kama kazi ingemchukua usiku mzima.

Machi 1942, Denmark ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, kiwanda kiliungua tena. Safari hii iliteketea mbao pamoja na michoro na vielelezo vya kazi vya miaka mingi. Christiansen alifikiria kuacha kabisa. Lakini kulikuwa na wafanyakazi waliomtegemea, na akajenga upya kwa mara ya pili.

Kutoka mbao hadi plastiki

Baada ya vita, mwaka 1946, alinunua mashine ya kuyeyusha plastiki na kuisukuma ndani ya kalibu. Kwa kampuni ndogo ya vichezeo vya mbao, hiyo ilikuwa hatua ya kubahatisha. Mashine ilikuwa ghali, na wengi hawakuamini kwamba plastiki ingeishinda mbao.

Mwaka 1949 kampuni ilianza kuuza matofali madogo ya plastiki yenye vinundu juu. Wazo la awali halikuwa lake: yalitokana na matofali ya Mwingereza Hilary Fisher Page, aliyeyauza kwa jina la Kiddicraft.

Yalikuwa na kasoro moja kubwa. Ndani yalikuwa matupu, hivyo hayakushikana vya kutosha. Mtoto aliyejenga kitu kirefu na kukiinua alibaki na kipande mkononi.

Godtfred na wenzake walitafuta dawa ya kasoro hiyo kwa miaka. Januari 28, 1958, aliwasilisha ombi la hati ya kulinda uvumbuzi wa tofali lenye mirija ndani, inayobanwa na vinundu vya tofali la chini. Sasa matofali yaliweza kushikana imara, na bado yakafunguka kwa mkono wa mtoto.

Wiki sita baadaye, Ole Kirk Christiansen alifariki.

Lori ambalo hakuliona

Malori aliyoyajua Christiansen yalisukumwa kwa mkono. Magurudumu ya LEGO yalikuja mwaka 1962, treni yenye mota ya umeme mwaka 1966, na mwaka 1977 ukaanza mfululizo uliokuja kuitwa Technic, wenye ekseli, gia na mihimili yenye matundu.

Kwa vipande hivyo yalijengwa malori makubwa. Mfano wa Mercedes-Benz Arocs uliotoka mwaka 2015 una vipande 2,793, pamoja na mota inayoendesha mitambo yake.

Ugumu wa kubuni lori la namna hiyo ni uzito. Mota ndogo huzunguka kwa kasi lakini haina nguvu ya kusogeza mzigo. Ndiyo maana gia yenye meno machache huzungusha yenye meno mengi: kasi hupungua, nguvu huongezeka. Dereva wa kamio anayepanda milima ya Ngomo, kwenye barabara ya Bukavu kuelekea Uvira, hufanya hivyohivyo anapoingiza gia nzito. Difu nayo huruhusu gurudumu la nje kuzunguka haraka kuliko la ndani kwenye kona.

Kisha kuna chesisi. Lori likiwa refu, mwili wake hujipinda, na ukijipinda meno ya gia huachana na mota huzunguka bure. Mjenzi hulazimika kufunga mihimili kwa upana na kwa urefu ili mashine nzima isimame kama kitu kimoja. Pini moja isiyoingia sawasawa ndani kabisa, mahali ambapo mtazamaji haoni, inaweza kumlazimu afungue nusu ya lori. Ni kazi isiyosamehe kama ile ya vanishi ya mara ya tatu.

Mwaka 1960 moto mwingine uliteketeza ghala la vichezeo vya mbao mjini Billund, na Godtfred akaamua kuachana na mbao moja kwa moja. Matofali ya plastiki yaliendelea. Tofali lililotengenezwa mwaka 1958, mwaka aliokufa seremala huyo, bado hushikana na lililotoka kiwandani leo.