Legalishu na Mkataba wa Milele

Ukisimama Timau, hapa kwetu Meru, ukatazama upande wa machweo, utaona nyanda za Laikipia zimetandazwa kama mkeka. Wengi wetu huziona tukielekea Nanyuki, kumbe ziliwahi kugombewa hadi kortini kwa sababu ya maneno ya karatasi moja. Aliyeyashikilia maneno hayo ni Parsaloi Ole Gilisho, ambaye Wazungu walimwandika Legalishu.

Legalishu alikuwa Mmaasai wa Purko na msemaji wa rika lake. Baada ya reli kufika Kisumu mwaka wa 1901, walowezi walilitamani sana Bonde la Ufa. Mnamo Agosti 1904, viongozi wa Wamaasai wakiongozwa na Lenana walitia alama zao kwenye mkataba na Kamishna Sir Donald Stewart. Walikubali kuhama wapewe sehemu mbili: moja Laikipia, nyingine kusini mwa reli. Barabara ya upana wa nusu maili ingeziunganisha. Legalishu naye alitia alama, kisha watu wake wakaenda Laikipia.

Hebu tafakari safari ya maneno yale. Karatasi iliandikwa kwa Kiingereza. Wakalimani wakayatia maneno katika Kiswahili, halafu katika Kimaasai. Hata hivyo, jambo moja lilisemwa waziwazi: makubaliano yangedumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Hapo hapahitaji wakili, hata mtoto anaelewa.

Milele hiyo ilidumu miaka 7 tu! Walowezi waliimezea mate Laikipia pia. Lenana alifariki Machi 1911, na mwezi uliofuata ukatiwa sahihi mkataba wa pili wa kuwahamisha Wamaasai wa Laikipia kwenda kusini. Legalishu alikuwa ameipinga safari hiyo. Alishinikizwa, mwishowe akatia alama, lakini moyo wake haukutulia. Badala ya kushika mkuki, akashika sheria.

Yeye na wenzake walimwendea wakili Alexander Morrison. Jina lililotangulia kwenye kesi lilikuwa la msaidizi wake, Ole Nchoko, ambalo kwenye majalada liliandikwa Ol le Njogo. Jamani, hata jina la mdai halikufika salama! Hoja yao ilikuwa nyepesi: mkataba wa 1904 ungali hai, na waliotia alama mwaka wa 1911 hawakuwa na mamlaka ya kuuvunja kwa niaba ya wote.

Mwaka wa 1913 Mahakama Kuu iliitupa kesi. Rufani nayo ikatupwa mwaka uo huo. Sababu? Majaji walisema ile haikuwa ahadi kati ya mtu na mtu, ambayo korti huweza kuiamua. Walisema ni mapatano ya dola na dola, na mambo hayo si ya korti ile. Sisi wanafunzi wa Kiswahili yote mawili tunayaita mkataba, basi! Lakini katika sheria, tofauti hiyo moja iliwanyima watu Laikipia. Karatasi ilitaja barabara, lakini haikusema mwenye kudhulumiwa angelalamika wapi.

Legalishu alihamia kusini na watu wake. Hakuiona siku ya uhuru mwaka wa 1963, lakini madai yake hayakufa naye. Agosti 2004, miaka 100 baada ya mkataba ule, Wamaasai waliandamana wakidai ardhi hiyo.

Ndugu msomaji, usidhani haya ni ya Wamaasai peke yao. Mzazi wako anayekodisha miraa kule Maua, au anayekopa kwa kahawa yake kule Runyenjes, naye huletewa karatasi atie sahihi. Mwombe akupe uisome kwanza. Tafuta nani anatoa nini, mpaka lini, na ahadi ikivunjwa itakuwaje. Neno gumu likikushinda, uliza maana yake kabla ya wino kukauka. Legalishu alikuwa na ahadi iliyo wazi na ujasiri wa kuitetea, lakini palikosekana maneno machache ya kuifunga. Maneno hayo ndiyo sisi tunaojua kusoma tunapaswa kuyadai. Mwenye macho haambiwi tazama.