Maisha ya Daktari Ignaz Semmelweis, Mtetezi wa Wazazi na Watoto Wachanga

Wazee wetu walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Neno hili ni la kweli popote, na zaidi katika makao ya watoto, ambamo mtoto mmoja hupita katika mikono mingi tangu alfajiri hadi usiku: ya mpishi, ya mlezi, ya mfua nguo, ya mganga, na ya wageni wanaokuja kuwatazama. Lakini kila mkono unaolea waweza pia kuchukua ugonjwa na kuupeleka kwa mwingine. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuwaeleza wanachama na wazee wetu, katika taarifa hii, habari za mganga mmoja wa Ulaya aliyeitambua hatari hiyo mapema, akaipigania maisha yake yote.

Ignaz Semmelweis alizaliwa tarehe 1 Julai 1818 katika mji wa Buda, ambao leo ni sehemu ya Budapest, mji mkuu wa Hungaria. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vyakula. Mwaka 1837 kijana huyo alikwenda Vienna kusoma sheria, lakini hakukawia kuiacha akashika elimu ya uganga. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1844, na mwaka 1846 akawekwa kuwa msaidizi wa Profesa Johann Klein katika hospitali kuu ya mji huo, upande wa wazazi.

Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1784, na pamoja nayo nyumba ya kulelea watoto wachanga waliokosa walezi. Mambo hayo mawili yalifungamana. Mwanamke maskini, hasa asiyekuwa na mume, aliruhusiwa kujifungua bila malipo, nao wanafunzi wakapata kujifunza kwake. Kisha mtoto wake aliweza kupokelewa katika nyumba ile. Basi kila uchafu uliokuwa katika chumba cha uzazi uliweza kumfuata mtoto hadi mahali pa kulelewa. Watoto wengi mno waliopokelewa huko walikufa wangali wachanga.

Wakati huo upande wa wazazi uligawanyika sehemu mbili. Katika ya kwanza walifundishwa wanafunzi wa udaktari; katika ya pili, wakunga. Wanawake walipokelewa kwa zamu, siku moja huku na siku nyingine kule. Mwaka 1846, kati ya kila wazazi 100 wa sehemu ya kwanza, zaidi ya 11 walikufa kwa homa ya uzazi. Katika sehemu ya pili hawakufika 3. Watu wa mjini walilijua jambo hilo, na wanawake walilia wasiingizwe katika sehemu ya kwanza. La kustaajabisha zaidi, wale waliojifungua njiani kabla ya kufika hospitalini waliugua kwa uchache kuliko wale waliozalishwa na madaktari.

Semmelweis hakuweza kustarehe. Wakubwa wake walisema kwamba ugonjwa umo hewani. Yeye akajiuliza mbona hewa ile ile haiwadhuru wa sehemu ya pili. Wengine walisema ni hofu ya padri apitaye na kengele kwenda kuwaombea wanaokufa; akamsihi padri apite njia nyingine bila kengele, lakini vifo havikupungua. Akabadili hata namna ya kuwalaza wazazi, asipate kitu.

Mwezi wa Machi 1847 rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alichomwa kidoleni na kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti. Akaugua, akafa. Semmelweis alipoisoma habari ya ugonjwa ule, aliona kwamba dalili zake ni zile zile za wazazi wake, na za watoto wao wachanga waliokufa pamoja nao. Hapo akafahamu. Madaktari na wanafunzi walitoka chumba cha maiti wakaenda moja kwa moja kuwazalisha wanawake, na kunawa kwa sabuni tu hakukuiondoa harufu mikononi mwao. Wakunga hawakupasua maiti. Aliyekuwa akiwaua wazazi ni mganga mwenyewe, naye hakujua.

Katikati ya Mei 1847 aliamuru kila mtu aingiaye anawe mikono kwa maji yaliyotiwa dawa ya klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa 18 kati ya kila wazazi 100. Mwezi wa Juni walikufa 2 na kidogo. Mwaka 1848 vifo vya sehemu ya kwanza havikuzidi vile vya sehemu ya pili, na katika miezi ya Machi na Agosti hakufa hata mmoja.

Lakini mafundisho hayakuishia kwenye maiti. Mwezi wa Oktoba 1847 alilazwa mwanamke mwenye saratani iliyooza. Waganga walimpima, kisha wakawapima wengine 12 waliofuata bila kunawa tena kwa dawa. 11 kati yao wakafa. Tangu siku hiyo Semmelweis alitaka mikono ioshwe baina ya mgonjwa mmoja na mwingine, na mwenye kidonda kinachotoa usaha atengwe. Baadaye, huko Pest, alipigana pia na mashuka yaliyoletwa kitandani yakiwa hayakufuliwa vema.

Mtu angedhani kwamba dunia ingemshukuru. Haikuwa hivyo. Mabwana wakubwa waliona ni aibu kuambiwa kwamba mikono yao imeleta mauti. Mwaka 1849 kazi yake haikuendelezwa, na mwaka 1850 akaondoka Vienna. Katika hospitali ya Mtakatifu Rochus mjini Pest, kuanzia 1851 hadi 1857, wazazi 933 walijifungua chini ya uangalizi wake, wakafa kwa homa hiyo 8 tu. Alikuwa profesa mwaka 1855, akaoa mwaka 1857, na kitabu chake kikatoka mwaka 1861. Alikuwa amechelewa mno kuandika, na alipoandika aliwashambulia wapinzani wake kwa maneno makali, hata walioweza kumwelewa wakafunga masikio. Mwisho akili yake ilidhoofika. Tarehe 30 Julai 1865 alipelekwa Vienna kwa hila akafungiwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili, na tarehe 13 Agosti akafa kwa jeraha lililooza na kuitia sumu damu yake. Alikuwa na umri wa miaka 47. Miaka miwili baadaye Joseph Lister wa Uingereza alitangaza njia yake ya kuvisafisha vidonda kwa dawa, na mwaka 1879 Louis Pasteur wa Ufaransa akavionyesha vijidudu vya homa ya uzazi. Hapo ukweli wa Semmelweis ukasimama, naye yumo kaburini.

Twajifunza nini sisi tunaojishughulisha na malezi ya watoto? Kwanza, ugonjwa hauheshimu cheo. Mgeni wa heshima, mjumbe wa kamati, na mzee ajaye kuwabariki watoto, wote na wanawe kabla ya kumpakata mtoto. Pili, mlezi na anawe kabla ya kupika na kulisha, baada ya kutoka chooni, baada ya kubadili winda na kupangusa makamasi, na baina ya mtoto na mtoto. Kuhara huenea upesi katika nyumba yenye watoto wengi, na huanzia mara nyingi mikononi. Tatu, kila mtoto awe na taulo lake. Aliyeugua alale mbali kidogo, na nguo zake zifuliwe peke yake.

Kunawa kabla ya kula si desturi ngeni kwetu. Mgeni humiminiwa maji na mdogo wake, naye haoni haya. Lakini karai moja wanalochovya watoto 20 mmoja baada ya mwingine hugawa uchafu badala ya kuuondoa. Maji na yatiririke, kutoka birika au ndoo yenye mfereji, na sabuni iwepo. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, ndoo za namna hiyo ziliwekwa milangoni kote nchini Kenya. Ni bahati mbaya kwamba nyingi ziliondolewa hofu ilipopungua.

Kwa hiyo twawasihi wanachama, wanapohesabu mahitaji ya makao ya watoto, wasiitaje sabuni mwisho baada ya vitanda na rangi ya kuta. Na yule mlezi atakayemzuia mkubwa mlangoni, akimwomba kwa adabu anawe kwanza, asikemewe. Huyo ndiye anayemlinda mtoto, na mkubwa mwenye busara atainyosha mikono yake amiminiwe maji.